Shuka Lililoilisha Cherehani Chumvi

Cherehani yetu ni ya miguu. Mama yangu aliinunua mimi sijang'oa jino la kwanza. Tuliishi bara, mbali na bahari. Kitanda changu kilikuwa nyuma ya kiti chake, nikilala nikiutazama mgongo wake ukiinama na kuinuka. Alipofariki, ikawa yangu. Miaka yote hiyo haikushika kutu.

Nilipozeeka, mwanangu alinichukua nikakae kwake. Nyumba yake inatazama bahari. Cherehani nikampa mkewe, naye akaiweka dirishani apate upepo. Alikuwa akishona mashati meupe ya wanafunzi.

Mkwe wangu ni msafi, sina la kumsema. Kila jioni aliipangusa cherehani kwa kitambaa kikavu, kisha akaifunika shuka. Shuka nalo alilifua na kulianika uani, upande wa bahari, linapopigwa vizuri na upepo.

Lakini haukupita muda, gurudumu likawa zito. Madoa ya kahawia yakatokea kwenye mashati. Mwalimu mkuu wa shule iliyoyaagiza akayarudisha yote.

"Mshonaji, watoto wangu waanze shule na madoa?" alimuuliza mkwe. "Kama imekushinda sema, nitafute mwingine."

Alipoondoka, mkwe aliyakunja mashati. Kisha akasema, "Mama, usinielewe vibaya. Tuiuze kwa watu wa vyuma chakavu. Imezeeka."

"Hata mimi nimezeeka," nikamjibu. "Mtaniuza kilo kwa bei gani?"

Alicheka, lakini machozi yalikuwa karibu. Hakuwa na kazi nyingine. Na mimi, cha mama kilichobaki ni hicho tu. Tukakubaliana aitwe kwanza fundi wa cherehani.

Fundi alifunua shuka, akalishika-shika. Akampa mkwe ncha yake.

"Hebu lamba, dada."

"Nilambe shuka, fundi?"

"Lamba. Halina sumu."

Akalamba, akakunja uso. "Lina chumvi. Na nimelifua juzi."

"Ukalianika upepo wa bahari. Mawimbi yakipasuka hurusha matone madogo mno, hata jicho haliyaoni. Upepo huyabeba mpaka hapa. Maji yakikauka, chumvi inabaki kwenye nguo, dirishani, kwenye chuma."

"Sasa chumvi kavu inakula vipi chuma?"

"Chumvi yako ya jikoni, ukiiacha wazi, asubuhi unaikutaje?"

"Imelowa."

"Nani kaimwagia maji?"

Mkwe akafikiri. "Hakuna."

"Inavuta unyevu wa hewani yenyewe. Basi chuma chako kinalala usiku kucha kwenye maji ya chumvi, na kutu hapo inakimbia. Halafu unakifunika shuka la chumvi. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Lakini naipangusa kila siku."

"Kwa kitambaa kikavu. Unaihamisha tu chumvi. Tazama nondo za dirisha. Za nje, zinazonyeshewa, ni nzima kidogo. Hizi zilizojificha chini ya upenu zimeliwa, maana mvua haizifikii kuziosha."

Mimi siku zote nilidhani mvua ndiyo adui.

"Na kule bara?" nikauliza. "Mama yangu hata hakuifunika."

"Chumvi nyingi huanguka njiani, bibi. Huko inafika kidogo sana."

Fundi alisugua kutu kwa msasa laini, akabadilisha kibati cha chini ya sindano, ambacho kutu yake ndiyo iliyotia mashati madoa. Cherehani tukaihamishia chumba cha nyuma, kisichotazama bahari. Sasa mkwe huipangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya bomba na kukamuliwa. Huikausha hapo hapo, kisha huipaka mafuta ya cherehani kidogo. Maji ya kisima chetu hatumii, yana chumvi. Shuka hulianika ndani. Na nondo za dirisha huzimwagia maji ya bomba kila wiki, tena tumezipaka rangi.

Gurudumu likawa jepesi. Mkwe akashona mashati upya. Mwalimu mkuu alikuja, akageuza kola moja moja kwenye mwanga. Hakuona doa.

"Umenunua mashine mpya?" aliuliza.

"Hapana," mkwe akasema. "Ni ya mama yake mama huyu. Na atakayeirithi ni mwanangu, yuko darasa la kwanza, shuleni kwako."

Mimi nikainama, nikajifanya natafuta sindano iliyoanguka.