Mwacheni Amalize

Siku ya mshahara, ukumbi wa benki haukuwa na pa kuweka mguu. Feni zilizunguka bila kumpoza mtu, watoto walilia, na foleni ilijikunja na kujikunjua mpaka mlangoni. Katikati yake alisimama Kasuku, mshereheshaji wa harusi na mikutano, shati lake la maua limenyooshwa kwa pasi hadi kola inasimama yenyewe. Jina hilo alipewa na dada yake tangu utotoni, kwa kuwa mdomo wake haukuwahi kupata likizo.

Mbele yake alikuwapo mwanamke mrefu aliyevaa suruali ya kijivu, buti zenye vumbi la saruji na hereni ndogo za dhahabu. Kwa jinsi zile hereni na zile buti zilivyokuwa hazipatani, Kasuku akasahau hata alichofuata pale.

Ghafla bwana mmoja mwenye kitambi akajichomeka mbele ya yule mwanamke. Mwanamke akafungua kinywa. Akakifunga. Akakifungua tena.

"Mzee wangu!" Kasuku akanguruma. "Mkia wa foleni uko kule nyuma, na unakusalimia sana!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bwana yule akarudi nyuma akijifanya anasoma tangazo ukutani.

Mwanamke akageuka. "Asante, kaka. Ila nilikuwa nakaribia kumwambia."

"Unakaribia? Dada yangu, kwa mwendo ule angeshachukua hela zake, akafika nyumbani, akavua viatu."

Mwanamke akacheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko sauti yake. Kabla hawajafika dirishani, Kasuku alishajua kwamba ni mhandisi wa madaraja wa manispaa, kwamba amelelewa na shangazi yake, na kwamba namba yake ya simu ni rahisi kukariri.

Simu zikaanza.

"Injinia, daraja limeamkaje?"

"Limeamka, ila linalalamika hujalijulia hali tangu jana."

"Linalalamika daraja au mwenye daraja?"

"Hayo kaulize daraja."

Katika simu, maneno ya Injinia yalitiririka. Alimweleza Kasuku jinsi chuma kinavyotanuka juani na kusinyaa kwenye baridi, na jinsi anayejenga anavyopaswa kukiachia nafasi ya kupumua. Kasuku, aliyezoea kusikilizwa, alijikuta amenyamaza kama mtoto anayesimuliwa ngano. Lakini kazini mambo yalikuwa mengine. Michoro ya Injinia ilisomwa vikaoni na mkuu wa idara, naye mwenyewe alikaa mwisho wa meza akikubali kwa kichwa.

"Nikisimama mbele ya watu," alimwambia, "maneno yananikimbia kama vifaranga walioona mwewe."

"Usihofu, kipenzi. Mimi niko."

Wakati ule, wote wawili waliliona hilo kuwa neno la mapenzi.

Kisha likaja suala la daraja la waenda kwa miguu. Barabara kuu ilitenganisha mtaa na shule, na mwaka uliopita gari lilimgonga mwanafunzi akavunjika mguu. Manispaa ikaitisha mkutano wa wakazi. Mkuu wa idara, aliyeuogopa umati wenye hasira, akamtuma Injinia. Wenyeji wakamkodi Kasuku aendeshe shughuli.

Injinia alianza vizuri. Akasalimia, akaeleza daraja litasimama wapi. Mara kipaza sauti kikapiga mluzi, mtoto akalia, na yeye akanyamaza. Macho yake yakatua mezani. Watu wakaanza kunong'onezana.

Kasuku hakuvumilia. Akakichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake.

"Ndugu zangu, injinia wetu ni mtu wa vitendo! Maneno tuachieni sisi akina domo kaya!" Watu wakacheka. Akawaeleza habari za chuma kinachopumua, yote aliyoyasikia kwenye simu, akatia chumvi na pilipili. Mama mmoja akauliza daraja litakamilika lini. Kasuku akaziona zile nyuso zilizojaa matumaini, na ulimi ukamponyoka. "Shule zikifunguliwa mwakani, watoto wenu wanapita juu!"

Vigelegele vikapasua paa. Injinia alikaa, mikono mapajani.

Nje, Kasuku alimfuata huku akifuta jasho. "Mpenzi, umeona walivyofurahi?"

"Nimeona. Nani kakwambia litakamilika mwakani?"

"Nilikadiria tu."

"Udongo wa pale ni tope. Hata kina cha nguzo bado hatujakijua. Umewaahidi watu wale kwa jina langu."

"Ulikuwa umekwama. Ningekuacha uaibike?"

"Nilikuwa natafuta neno!" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda, na mlinzi wa geti akageuka. "Nilihitaji pumzi moja, Kasuku. Wewe ukachukua mkutano mzima."

Akaondoka. Simu yake ikawa inaita bila kupokelewa.

Kasuku akaenda kumlilia dada yake, fundi cherehani, aliyemsikiliza huku akitunga uzi kwenye sindano.

"Huyo mwenzio anaogopa nini?" dada akauliza.

"Kusema mbele ya watu."

"Basi siku ile ulimthibitishia kwamba kweli hawezi. Tena ukamthibitishia hadharani."

Kasuku akainuka, akaaga. Jioni ile aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine mfupi: "Nilikosea. Nilidhani nakuokoa, kumbe nakunyang'anya. Sitakusumbua. Ukinihitaji, nipo."

Injinia hakujibu. Shangazi yake ndiye aliyepiga, maana alimpenda Kasuku na siri zilimwasha ulimi.

"Mwanangu, usiniseme. Siku hizi kila kikao lazima aulize swali, hata moja. Anatoka humo anatetemeka, lakini keshauliza. Asubuhi anapanda juu ya rundo la kokoto anawapa mafundi maelekezo ya usalama. Siku za kwanza walimwambia hawamsikii."

"Akafanyaje?"

"Akarudia. Na wiki hii kamwambia mkuu wake, mbele ya wenzake wote, 'Mchoro huu ni wangu, naomba niueleze mimi.'"

Kasuku alikata simu, akasimama peke yake jikoni, akapiga makofi mpaka jirani akagonga ukuta. Alikuwa amewapandisha jukwaani mabwana harusi wengi na wakubwa wengi, lakini hakumjua hata mmoja aliyeipanda hofu yake mwenyewe kila asubuhi kama ngazi, tena bila mtu wa kumpigia makofi.

Miezi ikapita, nguzo hazikuonekana, na wakazi wakadai mkutano mwingine. Safari hii Kasuku hakukodiwa. Alikwenda kwa miguu yake, akakaa benchi la mwisho kabisa.

Injinia aliingia amevaa gauni la kijani kibichi na zile buti zake, shangazi yake akimfuata nyuma. Mkuu wa idara alimwinamia akanong'ona jambo huku akinyoosha mkono kwenye kipaza sauti. Yeye akatikisa kichwa, akasimama.

"Habari zenu. Mkutano uliopita mliahidiwa daraja mwakani. Ahadi ile haikuwa sahihi. Na mimi nilikuwepo, sikuisahihisha. Hilo ni kosa langu."

Ukumbi ukalipuka. "Mnatuchezea!" "Watoto wetu wafe?" Injinia akafungua kinywa, na neno halikutoka. Kimya chake kikarefuka. Kasuku akaihisi mikono yake inataka kuinuka, akaikalia.

"Jamani, yule mshereheshaji si yuko kule nyuma?" mtu akapaza sauti. "Kasuku, njoo utuambie wewe!"

Vichwa vyote vikageuka. Injinia naye akamwona.

"Mwenye kujua yuko mbele yenu," Kasuku akasema bila kuinuka. "Mwacheni amalize."

Injinia akavuta pumzi. "Nikinyamaza, nisubirini," akawaambia. "Natafuta neno la kweli. Neno tamu mlishapewa, na halikujenga kitu."

Mzee mmoja akacheka kidogo, na hasira ikapoa. Injinia akawaeleza tope lile, na kwa nini nguzo isiyofika kwenye mwamba ingekuja kuwaangukia watoto walewale. Alikwama mara mbili zaidi, na mara zote walimsubiri. Akasema daraja litachukua mwaka mzima zaidi ya walivyotarajia.

"Na kabla ya hapo?" akauliza mama yule wa kwanza.

"Kuanzia Jumatatu kutakuwa na walinzi wa kuvusha watoto, asubuhi na mchana, na matuta pande zote mbili. Kibali nimekidai mwenyewe, nimekipata. Msipowaona, njooni ofisini mniulize mimi."

Hapakuwa na vigelegele. Watu walimtazama, kisha mama yule akasema, "Haya, mwanangu. Tumekusikia." Wakaanza kupiga makofi, taratibu, makofi ya watu waliokwisha kufikiri.

Nje, Injinia alimkuta Kasuku ameegemea ukuta.

"Walikuita," akasema, sauti imekauka.

"Nilisikia."

"Ukaushika ulimi. Lazima uliumia."

"Nadhani nimepoteza jino moja."

Akacheka kile kicheko chake kikubwa. Kisha akanyamaza, akakunja uso, na Kasuku akamsubiri. Magari yakapita. Wakazi wa mwisho wakatoka ukumbini.

"Nilikukumbuka," hatimaye akasema. "Nilikuwa nataka kwanza nijue naweza bila wewe. Sasa najua. Kwa hiyo nakuuliza: utanioa, au nikuoe mimi?"

Kichwani mwa Kasuku yakaja maneno yote ya harusi zote alizowahi kuendesha, yamejipanga, yanang'aa. Akayaacha yapite.

"Nitakuoa."

Injinia akangoja. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Injinia akamshika mkono, wakaelekea mlangoni mwa ukumbi kumpa habari shangazi, ambaye muda wote alikuwa amesimama nyuma ya mlango huo huo, akijifanya anatafuta miwani iliyokuwa usoni mwake.