Nyayo Kwenye Zizi la Ngassa

Kila alfajiri Nyamizi alichukua ndoo akaenda mtoni kuchota maji kwenye shimo lililochimbwa mchangani. Kiangazi cha Shinyanga ndivyo kilivyo, mto unabaki jina tu. Zamani alikwenda na Klara, wakicheka njia nzima. Siku hizi Klara alisimama mbali na ndoo yake, akingoja wote waondoke ndipo achote. Jamaa zake walikuwa wametengwa.

Ilikuwa mwaka 1984. Ng'ombe wa kijiji waliibwa, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakafuata nyayo. Desturi ilikuwa kwamba nyayo zikiishia kwenye mji wa mtu, yaani boma lake, huyo ndiye wa kujibu. Ziliishia kwenye zizi la Ngassa, baba yake Klara. Alikana, akaapa, wapi! Wakakata shauri watu wa mji ule wasisalimiwe, wasipewe moto wala kuazimwa kitu.

Nyamizi alijua nyayo zile ni za nani. Asubuhi ya wizi ule, Ngassa na watu wake wakiwa shambani, alipitisha ng'ombe wa baba yake pale zizini, kisha akawashusha kwenye majabali, mahali ambapo nyayo hazionekani. Ilikuwa njia ya mkato kwenda kunywesha, na baba yake, Mageni, alikuwa amemkataza. Aliogopa fimbo, akanyamaza.

Kisha Mabula, mdogo wake Klara, akashikwa na homa. Ngassa akaja mbio kuomba mkokoteni wa ng'ombe. Mageni akafunga mlango bila kujibu. Ngassa akambeba mwanawe mgongoni kwenda zahanati. Maskini, mtoto alifia njiani, na kaburi baba mtu alilichimba peke yake.

Habari zilipofika vijiji jirani, wakaja wasuluhishi watatu. Aliyewaongoza ni Mama Apolonia, mkunga aliyewazalisha mama yake Nyamizi na mama yake Klara. Watu wakajaa kwenye darasa la shule ya kijiji.

"Nani aliwaona ng'ombe wenyewe, si nyayo?" akauliza.

Nyamizi akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sema."

"Nyayo zile ni za ng'ombe wetu. Mimi ndiye niliyewapitisha."

"Nyamizi! Unajua unachosema?" Mageni alifoka.

"Najua, baba. Nisamehe."

Mageni akaketi, kisha akainuka, akapiga magoti mbele ya Ngassa. "Ndugu yangu, nitakupa mtamba."

"Mtamba ataniita mama?" aliuliza mama yake Klara. Wanawake wakaangua kilio.

Mama Apolonia alingoja mpaka kilio kikapungua. "Kutengwa kumekwisha leo," alisema. "Waliomwita Ngassa mwizi watapita kila kijiji walikomchafua, waseme walikosea. Nyamizi, fimbo ingeuma siku moja tu. Ukweli usiuweke mpaka mtu aumie. Nanyi wakubwa msijifiche nyuma ya mtoto. Mlihukumu kwa nyayo, na mlango mlifunga wenyewe."

Jioni ile Nyamizi alitoa kijinga cha moto jikoni kwao, akakipeleka kwa kina Klara. Klara alikitazama, akakipokea. Hakusema asante. Alikiweka kwenye mafiga, akainama kupuliza, na Nyamizi akainama kando yake, wakapuliza wote huku machozi yakiwatoka.

Alfajiri, Klara alikuwa amesimama njiani na ndoo yake, akimngoja.