Mama wa Kuazima

Foleni ya kibanda cha fotokopi siku ya mwisho ya kuwasilisha kazi haina adabu. Watu walikuwa wanakanyagana, mashine zinanguruma, hewa inanuka wino wa moto, na kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Ndipo kijana mmoja mrefu, jezi ya njano imeganda tope kifuani, akapitisha mkono juu ya vichwa vya watu na kumkabidhi mwenye kibanda flashi yake.

"Kaka, mkono wako mrefu, lakini foleni ni ndefu zaidi," sauti ilisema chini ya kwapa lake.

Akainama kutazama. Msichana mfupi, gauni la bluu lenye mifuko miwili mikubwa, kalamu zimejipanga kwenye mfuko mmoja kama askari.

"Samahani dada. Basi la timu linaniacha."

"Na mimi maisha yananiacha. Rudi nyuma."

Watu wakacheka. Kijana akarudi nyuma kweli, hadi mlangoni, na kwa kufanya hivyo akawa tayari ameshapendwa, ingawa aliyempenda hakuwa na habari. Karatasi zake zilipotoka, mwenye kibanda alizichanganya na za yule msichana. Msichana akazisoma, akakunja uso, akachomoa kalamu.

"Wewe huwa hupumui? Ukurasa mzima hauna nukta hata moja."

"Niwekee basi, daktari."

Akamwekea, palepale, amesimama. Tangu siku ile yeye akawa Nukta, na hata wenzake wa bwenini wakamwita hivyo. Kijana alikuwa na jina lake tayari. Uwanjani, alikokuwa golikipa na nahodha, walimwita Komeo, kwa sababu akishasimama golini mlango umefungwa.

Mapenzi yao hayakuwa na siri. Nukta, aliyekuwa hajui kona na penalti vinatofautianaje, akawa anakaa jukwaani na mwavuli na kitabu cha uchumi. Kabla ya kila mechi simu yake ililia.

"Mpenzi, natoka sasa."

"Umefunga kamba za viatu?"

"Nimefunga."

"Basi kafunge na mlango."

"Na nikifungwa goli?"

"Utarudi kwa miguu."

Walipokuja kuzungumza mambo mazito, walikaa kwenye ngazi za maktaba. Hapo ndipo Komeo alipomweleza kuhusu mama yake, aliyefariki mwaka uliopita katikati ya mitihani. Mhadhiri wa uchumi, mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo, ndiye aliyemtilia sahihi ruhusa ya kwenda kumzika. Nukta alilia kuliko Komeo. Akamshika mkono, akaapa moyoni kwamba kijana huyu hatakosa tena mtu wa kumwangalia.

Kiapo kizuri. Lakini kumwangalia mtu ni kazi, na kazi ina namna yake ya kuharibika.

Mashindano ya vyuo yalifika pamoja na insha ya muhula ya yule mhadhiri: kwa nini biashara ndogo hazikui. Komeo alikuwa anafanya mazoezi asubuhi na jioni, na katikati analala juu ya vitabu.

"Nitaiandika mimi," Nukta akasema. "Wewe nenda kadake mipira."

"Nukta, wakigundua?"

"Nani atagundua? Nitaandika vibaya kidogo. Nitapunguza nukta."

"Si vizuri."

"Kufeli ndiyo vizuri? Acha unafiki. Unanipenda au hunipendi?"

Hilo si swali la kumuuliza mtu aliyechoka. Komeo akanyamaza, na Nukta akauchukua ukimya ule kuwa ndiyo.

Aliiandika kwa haraka, na yake mwenyewe ikimsubiri pembeni. Kila mwandishi ana mahali anapoanzia asipofikiri. Nukta huanzia kwa mama yake. Vidole vikaandika vyenyewe: *Mama yangu ni fundi mwenye cherehani mbili. Hadi leo hukataa kazi asiyoweza kuimaliza, hata mteja akimlilia. Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa duka, hunipigia simu kuniuliza kama nimekula.* Akaituma. Komeo aliipokea ndani ya basi la timu, wenzake wanaimba, akaisukuma kwa mhadhiri bila kuifungua.

Mmoja alisahau kwamba mama wa mwenzake amekufa. Mwingine hakusoma. Ukiniuliza nani alikosa zaidi, sitakujibu.

Timu ikaingia fainali. Siku ileile Komeo akaitwa na kamati ya nidhamu.

"Wamejuaje?" Nukta aliuliza kwenye simu.

"Mhadhiri anasema mama yangu hawezi kunipigia simu kila asubuhi."

Nukta akakaa chini kwenye sakafu ya bweni. Alitaka kusema samahani, lakini neno lenyewe lilikuwa dogo mno.

"Nitakuja niwaambie ni mimi," akasema mwishoni.

"Usiseme chochote. Una tuzo ya mwanafunzi bora inakusubiri, una ufadhili wa kwenda kusoma zaidi. Tuzame wote kwa faida ya nani?"

"Sasa nifanyeje?"

"Kuna benchi nje ya chumba cha kamati. Kaa pale tu. Nikitoka nione uso wa mtu ninayemjua. Basi."

"Nitakaa. Naapa."

Siku ya kamati alivaa gauni lile la bluu. Alipanda ngazi hadi karibu na juu, akaliona benchi, tupu, chini ya dirisha. Akamwona pia mzee wa ofisi ya ufadhili amesimama mlangoni akizungumza na mhadhiri. Angeulizwa: wewe binti, unamsubiri nani hapa? Miguu ikageuka yenyewe. Akashuka, akaandika ujumbe: *Tumbo linaniuma sana mpenzi, nisamehe.*

Ujumbe haukujibiwa.

Komeo aliiambia kamati kuwa aliinunua insha kwa mtu asiyemjua. Wakamsimamisha mwaka mzima, wakamvua unahodha. Fainali ilichezwa bila yeye. Golikipa wa akiba, aliyezoea kubeba chupa za maji, aliokota mipira wavuni mpaka watu wakaanza kuondoka. Nukta hakwenda uwanjani. Alisikia kelele kutoka dirishani, akajua zipi ni za wageni.

Alimpigia simu asubuhi, mchana, jioni. Haikupokelewa. Akajipa moyo kwamba ana hasira tu, hasira hupoa, na tuzo ikishapita atarekebisha kila kitu. Wengi hujiambia hivyo, kwamba wataanza kuwa wema baada ya shughuli.

Siku ya tuzo ukumbi ulijaa maua ya plastiki na wazazi waliovaa viatu vya kubana. Jina lake lilipotajwa, makofi yakapigwa. Aliyekabidhi ngao alikuwa mhadhiri wa uchumi. Akamshika mkono, akamsogelea sikioni, akiwa anatabasamu kwa ajili ya mpiga picha.

"Mama yako hajambo? Bado anakataa kazi asizoweza kuzimaliza?"

Picha ile ipo. Nukta amefumba macho.

Alimfuata ofisini bila hata kuvua joho.

"Ulijua tangu mwanzo, mwalimu."

"Nimesoma insha zako tangu mwaka wa kwanza, binti. Mama yako namjua kuliko majirani zangu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa na hisia, sikuwa na ushahidi. Nikamwachia mwenye ushahidi. Siku ile niliona gauni la bluu kwenye ngazi, nikasema moyoni, huyu anakuja." Akasogeza kikombe chake. "Halafu sikuliona tena."

"Nitaiandikia kamati sasa hivi. Nitarudisha na ngao."

"Andika. Ni haki yako. Lakini ujue, yeye aliiambia kamati uongo ili akufiche. Ukiufichua leo, kwake si mwaka tena. Anafukuzwa. Siku ile mngeingia wawili, mngepewa adhabu ya wawili na mngetoka. Leo hata ukweli wako utamwumiza yeye kwanza."

Nukta akabaki amesimama na ngao mikononi. Ilikuwa ya mbao, nzito kuliko ilivyoonekana.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Komeo kwenye lango la bweni la wavulana, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, begi begani. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa anakwenda kwa dada yake, shemeji ana duka la vifaa vya ujenzi, kuna saruji ya kubeba.

"Mwaka si mwingi," Nukta akasema. "Nitakusubiri."

"Usinisubiri."

"Niliogopa. Nilifika mpaka kwenye ngazi, mpenzi, uliza—"

"Najua uliogopa. Na mimi niliogopa." Hakupandisha sauti. "Unajua walinifanya nini mle ndani? Walinilazimisha kuisoma ile insha kwa sauti. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuisoma. Nikasoma mama yangu hunipigia simu kila asubuhi. Mbele ya watu wazima. Nikasoma mpaka mwisho, kwa sababu nilijiambia, nikitoka, yuko nje."

Nukta akaishika kamba ya godoro.

"Ulimwandika vizuri," Komeo akasema. "Nilipofika katikati nikatamani awe kweli wangu."

Simu ikalia ndani ya mfuko wa gauni. Wote wawili wakautazama mfuko. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linagusa paa la bweni, na mahali fulani mwanamke mwenye cherehani mbili alikuwa amesimama nje ya mlango wa duka lake, funguo mkononi.

"Pokea," Komeo akasema. "Asije akafikiri una shida." Akalibeba godoro. "Nisalimie."

Akaondoka. Alitembea kama anavyotembea golikipa baada ya mechi, polepole, mikono imechoka, bila kugeuka. Nukta aliiacha simu ilie mpaka Komeo alipopotea kwenye kona, ndipo akaiweka sikioni.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, mama," akasema, na hata huo ulikuwa uongo.