Daftari Lililochomwa Mushaki

Wandugu, sikilizeni ya nyumba ya Papa Athanase, pale Mushaki. Mvua ilikuwa imekatika. Mama Sidonie alikuwa akichambua maharagi, binti yake Carmel akimsomea alichoandika daftarini kwa Kiswahili: walivyokimbia vita Kashuga, na kaka yake Luc alivyobaki njiani. Mama alilia kidogo, kisha akamwambia aendelee.

Papa Athanase akaingia, akachukua lile daftari, akalitia motoni.

"Hapa kwangu ni Kifaransa tu. Kiswahili itakupeleka wapi?"

Akamletea insha za Kifaransa zilizoandikwa tayari, azimeze. Carmel akikosea neno mezani, baba alimcheka mbele ya wageni. Basi mtoto akanyamaza, akameza insha zote. Siku moja aligundua kwamba akimkumbuka Luc, hasikii kitu moyoni. Wazazi wenzangu, msijifanye hamumjui baba wa namna hii.

Mwaka uliofuata, watawa wenye shule ya bweni walitoa nafasi moja kwa mtoto aliyekimbia vita. Sharti lilikuwa aandike kwa Kifaransa yaliyompata. Carmel aliikodolea macho karatasi. Alitafuta la kusema, hakulipata. Akaandika alichokuwa nacho kichwani, moja ya zile insha za baba: likizo tamu kwa mjomba tajiri, kando ya ziwa. Hakukosea hata neno moja.

Mtawa mmoja alimwita baba pamoja na Carmel.

"Papa, mutoto wenu anaandika muzuri. Lakini hii nafasi iko ya wenye waliteseka, na yeye iko na mujomba tajiri. Tumeipatia mwingine."

"Hana mujomba, Ma sœur. Tulikimbiaka vita. Luc alikufaka."

"Sasa juu ya nini hakuandika vile?"

Athanase akamgeukia binti yake. Carmel alikuwa akitazama viatu vyake.

"Niliandika yenye ulinipatia, Papa," alisema, bila hasira.

Leo Carmel anauza maharagi sokoni Sake. Baba alimnunulia daftari jipya, akamwomba aandike chochote, hata kwa Kiswahili. Liko juu ya kabati. Hajaandika neno.

MAFUNZO

Anayeandika vizuri lugha ya pili ni mwenye la kusema, aliyesoma mengi, asiyeogopa kuchekwa. La kusema huanza kwa lugha ya nyumbani, mbele ya mtu anayesikiliza. Mama Sidonie alikuwa akisikiliza. Athanase alimtakia mema mtoto wake, na bado alimfunga mdomo. Leo mtoto wako akikusomea alichoandika, weka kazi chini umsikilize.