Daktari wa Mifupa Apima Masikio

Kila asubuhi nyumba ya Mama Pacha iliamka kwa kelele. Haukuwa ugomvi. Mama Pacha alikuwa akimwambia mumewe chai iko tayari, na ili mume asikie, ilibidi mtaa mzima nao usikie. Redio ilifunguliwa hadi mwisho. Mapacha wao, wasichana wa darasa la kwanza, walikuwa wamezoea. Wakimtaka baba yao, hawakumwita. Walimvuta shati.

Baba Pacha alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha sufuria. Mashine yake ilipiga bati kutwa nzima, na kila pigo lilitoa sufuria moja. Kazi hiyo aliianza akiwa kijana asiye na ndevu. Wenzake walimpenda kwa sababu hakubishana na mtu. Ukimwambia jambo, alitabasamu na kusema ndiyo. Ukimwambia kinyume chake, ndiyo vilevile. Wakampa jina la Bwana Ndiyo. Hakuna aliyejiuliza kama Bwana Ndiyo anasikia hayo anayoyakubali.

Mkewe naye alikuwa na maelezo yake. Alidhani amechokwa, ndiyo maana mume hageuki hadi apigiwe kelele. Mwanamume unamsemesha, anatazama ukutani. Unamwambia mtoto ana homa, anakujibu haya. Mara nyingi Mama Pacha aliinama juu ya cherehani yake na kumeza machozi, akiamini kwamba ndoa yake imepoa.

Siku moja, katika uwanja wa kiwanda, gari la kubebea mabati lilirudi nyuma likipiga honi. Watu wote walipisha. Baba Pacha alibaki palepale, ameligeuzia gari mgongo, anafuta mikono kwa kitambaa. Mwenzake alimrukia na kumvuta kwa ukosi wa shati. Tairi lilipita pale miguu yake ilipokuwa imesimama.

Dereva alishuka mbio.

"Wewe umechoka kuishi?" alimuuliza.

"Ndiyo," alisema Baba Pacha, na tabasamu lake lilelile.

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Walitazamana, kisha wakamtazama yeye, na kila mmoja akaanza kukumbuka mambo.

Msimamizi alisema fundi huyu lazima apimwe. Kama masikio yameharibiwa na kazi, sheria inataka afidiwe na aondolewe penye kelele. Kiwanda kikampeleka kwa daktari wake, yule anayewatibu wafanyakazi wakivunjika mikono na miguu. Mama Pacha alifunika cherehani, akamsindikiza mumewe.

Chumba cha daktari kilikuwa safi. Ukutani kulikuwa na kibali ndani ya fremu ya kioo, kina muhuri mwekundu. Mama Pacha alisoma maneno ya juu, yale ya herufi kubwa: ameidhinishwa kupima wafanyakazi kwa ajili ya fidia. Roho yake ikatulia. Maneno madogo ya chini hakuyafikia, kwa sababu daktari alikuwa ameshaingia.

Alikuwa mtu mzima, mpole, mcheshi. Alimshika Baba Pacha mkono na kumtazama usoni.

"Hujambo, ndugu yangu?"

"Sijambo, daktari."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto je?"

"Hawajambo."

"Na kazi?"

"Tunashukuru, tunakwenda nayo."

Njia nzima Mama Pacha alikuwa ameogopa kwamba mumewe atamwaibisha mbele ya mtu mkubwa. Sasa alimtazama kwa fahari. Daktari alichungulia masikio kwa tochi, akasema hayana uchafu. Akamgonga magoti kwa kinyundo. Akaandika, akawaaga kwa heshima zote. Walirudi nyumbani wanamsifu.

Taarifa ilipofika, Mama Pacha aliisoma kwa sauti sebuleni. Kusoma alijifunza ukubwani, na hakupenda kuruka neno.

"Anasikia vizuri. Amejibu maswali yote bila shida. Hana madhara ya kudumu. Arudi kwenye mashine yake Jumatatu."

Alipoinua uso, mumewe alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa adabu.

"Ndiyo," alisema. "Hiyo ni habari njema. Sasa nitapumzika na mashine."

Mama Pacha alishusha karatasi. Alikuwa amesoma kwa sauti, hatua moja kutoka alipoketi mumewe, na mumewe hakuwa amesikia hata neno. Akakaa sakafuni. Kumbe hakuchokwa. Kumbe mtu huyu hamsikii, tena tangu zamani. Hasira zote alizomfanyia jikoni zilimrudia kwa pamoja, na aibu yake haikuwa na mahali pa kujificha.

Akampa karatasi aisome mwenyewe. Baba Pacha alisoma. Tabasamu likaondoka usoni, na bila tabasamu lile alionekana mtu mwingine.

"Nilijua," alisema mwishowe. "Nilijua siku nyingi. Ningesema, wangenitoa kazini. Nikajifunza kutazama midomo."

"Hata yangu?"

Safari hii alikuwa anamtazama mkewe midomo. "Hata yako," alisema.

Mama Pacha alilia kwanza. Halafu akaokota taarifa na kuisoma tena hadi chini kabisa. Hapo palikuwa na mstari mwembamba: asiyeridhika na uchunguzi huu ana haki ya kupinga katika Ofisi ya Fidia kwa Wafanyakazi. Kesho yake asubuhi walikuwa mlangoni pa ofisi hiyo kabla haijafunguliwa.

Afisa wa madai alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti kavu na subira nyingi. Alisikiliza yote, akauliza nani alimpima mgonjwa. Mama Pacha alipomtaja, afisa aliinuka na kuwapeleka kwenye ubao wa matangazo. Palibandikwa orodha ya madaktari walioidhinishwa, ambayo kila anayeingia anaweza kuisoma. Jina la daktari wao lilikuwepo. Mama Pacha akaona kama ofisi nzima inamgeuka.

"Si huyu hapa, dada? Kibali anacho, nimekiona kwa macho yangu."

"Anacho, mama. Na ni daktari mzuri. Mguu wangu ukivunjika, nitakwenda kwake." Afisa aliweka kidole juu ya maneno yaliyo mbele ya jina. "Hebu soma hapa."

Mama Pacha alisoma polepole. "Mifupa na viungo."

Alirudia kusoma, akidhani amekosea. Hakukosea. Mumewe alikuwa amepimwa masikio na daktari wa mifupa, na magoti yake yaligongwa kwa nyundo, nao wakarudi nyumbani wanashukuru.

"Lakini daktari si daktari?"

"Ukiwa na homa, sawa. Kwa fidia haitoshi," afisa alisema. "Kutibu ni kazi moja. Kupima kazi imemharibu mtu kiasi gani ni kazi nyingine, na ina mafunzo yake. Sisi tunataka daktari aliyebobea katika sehemu ile iliyoumia. Tunamkagua, ndipo tunampa kibali. Kibali kinasema ni cha nini, na kinaisha lini. Kikiisha, tunamkagua upya."

Mama Pacha aliuliza kuhusu kiwanda. Daktari yule analipwa na kiwanda, je, hilo nalo halina neno? Afisa alisema lina neno. Anayelipwa na mwajiri anaruhusiwa kuwatibu wafanyakazi wa mwajiri huyo, lakini hana ruhusa ya kuwapima kwa ajili ya fidia. Wala daktari aliye ndugu wa mgonjwa haruhusiwi. Anayepima asiwe na cha kupata wala cha kupoteza, mgonjwa akishinda au akishindwa.

"Na kama tungekaa kimya?"

"Jumatatu angekuwa kwenye mashine yake. Na kile kidogo kilichobaki kingekwisha."

Afisa alipiga simu kiwandani papo hapo, akawaambia fundi asikaribie mashine hadi apimwe tena. Kisha akamwandikia Baba Pacha kwenda kwa daktari wa masikio aliyeidhinishwa, bila malipo yoyote kwa familia. Akawapa na maagizo. Baba Pacha akae mbali na kelele kabla ya kupimwa, redio ya nyumbani ikiwemo, ili masikio yawe yamepumzika. Mama Pacha asimjibie mumewe, wala asimfinye goti. Na wakifika, waombe kukiona kibali. Ni haki yao, si utovu wa adabu.

Daktari wa masikio alikuwa msichana mdogo kuliko walivyotarajia. Mama Pacha alisita, kwa kuwa kumwomba daktari vyeti vyake ilikuwa kama kumvua nguo. Lakini mambo ya yule wa kwanza bado yalikuwa yanamchoma.

"Samahani, mwanangu daktari. Kibali chako kinasemaje?"

Daktari hakununa. Alikitoa kwenye fremu na kumpa mkononi. Safari hii Mama Pacha alisoma hadi maneno madogo. Cha masikio. Tarehe yake haijapita. Akauliza pia kama analipwa na kiwanda, akaambiwa hapana.

Daktari alimwomba akae nyuma na asiseme neno, lolote atakalosikia. Akamsalimu Baba Pacha uso kwa uso, na majibu yalikuja sawasawa, moja baada ya jingine. Ndipo akavaa barakoa na kuendelea kwa sauti ileile ya kirafiki.

"Habari za safari?"

"Nzuri tu, daktari."

"Nimeambiwa nyumba yenu imeungua."

"Tunashukuru."

"Na watoto wamepotea sokoni."

"Hawajambo kabisa," alisema Baba Pacha. "Wanakusalimu."

Mama Pacha alicheka kabla hajajizuia. Halafu kicheko kikakatika. Mumewe alikuwa ameambiwa watoto wake wamepotea, naye ametoa salamu zao. Alijifunika mdomo kwa khanga na hakuweza kuiondoa.

Daktari alimwomba radhi. Akamweleza kwamba salamu zetu zina njia yake, na aliyeipita tangu utotoni anaweza kuipita hata masikio yakiwa yamekufa. Ndiyo maana yeye hapimi masikio kwa mazungumzo. Daktari asiyefundishwa kazi hii hawezi kulijua hilo, hata awe na moyo mzuri namna gani.

Kisha akawaingiza katika chumba kidogo chenye kuta nene zisizopitisha sauti. Alimvalisha Mama Pacha hedifoni kwanza, ili aelewe kitakachofanyika. Mlio ulipoingia, Mama Pacha aliruka kitini na kuzing'oa kichwani kwa mikono miwili. Ulikuwa umemuumiza.

Sasa ikawa zamu ya Baba Pacha. Alipewa kitufe, akaelekezwa kwa ishara abonyeze kila anaposikia kitu. Daktari alipiga mlio uleule. Baba Pacha alikaa ametulia, anatazama ukuta, kidole juu ya kitufe, anasubiri uanze.

Mama Pacha aliomba kutoka nje. Alisimama kwenye korido akishikilia dirisha, na muuguzi aliyepita alidhani amefiwa.

Alipoitwa tena ndani, daktari alivua barakoa, akaketi mbele ya Baba Pacha na kusema polepole, midomo yake ionekane. Sikio moja limeharibika sana. La pili limebakiwa na kiasi. Ni mashine iliyofanya hivyo, si uzee, na ndivyo atakavyoandika.

"Kilichopotea hakirudi," alisema. "Kilichobaki tunaweza kukilinda."

Baba Pacha aligusa sikio lake la pili. "Nitawasikia watoto?" aliuliza.

"Ukivaa kifaa cha kusaidia kusikia, utawasikia."

Ofisi ya Fidia ilifuta taarifa ya kwanza. Kiwanda kilipewa onyo, na yule daktari wa mifupa aliandika kwa mkono wake kukiri kwamba angepaswa kukataa. Fidia ililipwa na vifaa vikanunuliwa. Baba Pacha alihamishiwa stoo, mbali na mashine. Mafundi wenzake walipewa vizibo vya masikio na wakapelekwa kupimwa, kila mmoja akisema yeye hana tatizo. Waliporudi, wengi wao walikuwa na taarifa kama ya Bwana Ndiyo. Na kuna siku Mama Pacha alisimama kwenye lango la kiwanda wakati wa kutoka, akawaambia wake wa mafundi wengine: mumeo akipelekwa kwa daktari, soma kibali hadi maneno madogo. Uliza ni cha nini, kinaisha lini, na daktari analipwa na nani. Ukiona mambo hayaeleweki, kapinge, kupinga hakulipiwi.

Siku ya kuvishwa vifaa familia nzima ilikuja, na daktari alivipachika taratibu nyuma ya masikio ya Baba Pacha na kugusa kitufe. Baba Pacha alikunja uso. Alisikia kiti kikilia. Alisikia mmoja wa mapacha akivuta kamasi. Mama Pacha hakuweza kusubiri. Akamwinamia na kumuuliza, kama alivyouliza kila kitu miaka yote ile:

"BABA PACHA! UNANISIKIA?"

Mumewe alishtuka, akaziba masikio kwa viganja.

"Mama Pacha," alisema, "mbona unanifokea?"

Mapacha waliangua kicheko. Mama Pacha hakucheka. Alisimama mdomo wazi, kwa sababu ndipo alipojua kwamba mabinti zake hawajawahi kumsikia akisema na baba yao kwa sauti ya kawaida. Akajaribu tena, ikatoka kelele. Akapunguza, ikawa bado kubwa. Sauti ile aliyoolewa nayo alikuwa hajui ameiweka wapi.

"Pole pole," alisema Baba Pacha. "Nipo, nakusikiliza."

Akavuta pumzi, akamsogelea, akaanza upya kwa sauti ya chini.