Kulungu wa Emmett

Nyumba ya Verna Shumaker ilianza kunuka ndizi mbivu majani yalipoanza kupukutika, na ndani yake hakukuwa na ndizi hata moja. Alikagua jokofu, akakagua kabati la unga, akainama hadi chini ya sinki, mahali ambapo hata panya wa milima ya Pennsylvania wangeona aibu kufia. Hakuna kitu. Ndipo alipokumbuka. Dawa ya kusafishia mtutu wa bunduki, ile aliyoitumia mumewe maisha yake yote, ilikuwa na harufu hiyo hiyo ya ndizi zilizopitiliza. Chupa ilikuwa ndani ya kabati la bunduki. Kabati lilikuwa limefungwa kwa ufunguo. Mume alikuwa amezikwa tangu kiangazi.

Alifungua. Bunduki ya Emmett ilisimama mahali pake, na kitambaa cha kusugulia, kilichoning'inia kwenye msumari, kilikuwa kibichi.

"Haya," alisema Verna, kwa sauti ya mtu anayeongea na paka. "Kama ni wewe, ungeosha na vyombo basi."

Mle kabatini mtu akakohoa mara mbili, taratibu, kama anayesafisha koo kabla ya kusimulia.

Kikohozi hicho kilijulikana wilaya nzima. Kila mkesha wa msimu wa kuwinda, kwa zaidi ya miaka thelathini, Emmett alisimama katika kambi ya wawindaji, chini ya kichwa cha kulungu dume mwenye pembe za matawi kumi na mawili, akakohoa mara mbili, kisha akaeleza jinsi alivyomwangusha mnyama yule ng'ambo ya bonde, theluji ikipeperushwa na upepo, kwa risasi moja ya moyo. Bonde lilipanuka kila mwaka. Mwanzoni risasi ilivuka kijito tu. Kufikia mwaka aliostaafu ilikuwa inakaribia kuvuka mpaka wa jimbo, na hakuna aliyeomba ramani.

Aliyempiga kulungu yule alikuwa Verna.

Asubuhi ile alimpelekea mumewe chupa ya kahawa na glavu alizozisahau mezani. Alimkuta ameshafyatua risasi zote isipokuwa moja, mikono ikimtetemeka, na dume limesimama ng'ambo kama abiria anayengoja basi. Verna alimnyang'anya bunduki, akashusha pumzi, akapiga. Shida ilikuwa moja tu: hakuwa na leseni. Sheria ya jimbo ilitaka kujua rangi ya kizibao cha mwindaji, ukubwa wa kizibao hicho kwa inchi za mraba, na saa mnyama alipokata roho. Na ilitaka mnyama asisogezwe kabla ya kufungwa sikioni kibandiko chenye jina la mtu mwenye leseni. Basi likafungwa la Emmett.

"Tutawaambia watu baadaye," alisema Emmett, akikaza uzi wa kibandiko.

Mwaka wa kwanza, alipokuwa akisimulia nyumbani mbele ya wageni, alimkonyeza mkewe. Baada ya miaka michache hakukonyeza tena. Mwishowe aliamini kabisa, akawa anamfundisha Verna, ndani ya jiko lake mwenyewe, namna mpigaji hodari anavyoshusha pumzi. Mwanamke mwenye mke mwenza walau anaweza kumtukana, au kumvizia kisimani. Mke mwenza wa Verna alikuwa kichwa cha mnyama kilichotundikwa ukutani kambini, katika nyumba ambayo wanawake hawakuruhusiwa kuingia.

Emmett alipokufa, mdogo wake, Lyle, aliipigania nafasi ya shemeji yake kambini. Kamati ilikaa vikao kadhaa, vyote kuhusu choo. Hatimaye Verna akakubaliwa, na Jumamosi moja akaenda na bunduki ya marehemu kwenye uwanja wa kulengea shabaha.

"Shemeji, kwanza upepo," alianza Lyle, akinyofoa nyasi na kuzirusha hewani. "Wengine wananunua vipimo. Mimi nikishika nyasi tu nimeshajua. Hiki ni kipaji."

"Mwaka juzi ulishika nyasi ukapiga trekta," alisema Denny Kreider. Denny alikuwa askari wa wanyamapori mstaafu, mtu aliyewahi kumtoza faini baba mkwe wake mwenyewe siku ya harusi.

"Trekta liliingia kwenye mstari wa risasi!"

"Lilikuwa limeegeshwa, Lyle. Ndege walishajenga kiota ndani yake."

"Wewe nyamaza, hujui hata uzito wa risasi unayotumia. Shemeji, usimsikilize. Na hiyo bunduki inarusha teke kama punda, itakung'oa bega. Kaka alikuwa mwanamume wa miraba minne."

Verna alilala kifudifudi, akaweka kitako begani, akafyatua. Mpigaji hujua kabla ya kuona. Bega lilimwambia kwamba ile imekwenda katikati. Denny akaangalia kwa darubini. Akafuta kioo, akaangalia tena.

"Karatasi haina hata tundu," alisema. "Hata udongo wa nyuma sioni umeguswa."

Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu. Karatasi ilibaki nyeupe kama shuka la hoteli. Risasi zilitoka, mlio ukajibiwa na milima, lakini hazikufika popote, kama vile mtu aliyesimama katikati ya njia alizidaka moja moja na kuzitia mfukoni. Kisha, karibu sana na sikio lake, pumzi ya ndizi zilizooza ikakohoa mara mbili, na kidole chake cha kufyatulia kikaingia baridi kuanzia kwenye ukucha.

"Usijali, shemeji," alisema Lyle kwa huruma, na huruma ile iliuma kuliko tusi. "Kipaji hakirithiwi kwa ndoa."

Tangu siku ile kitu kile kiliacha kujificha. Verna akimpigia simu dada yake, kila mazungumzo yalipokaribia habari za kulungu, upande wa pili ulijaa sauti ya mtu anayesafisha koo. Akiketi kula, alisikia bunduki ikikokiwa kabatini, taratibu, chuma juu ya chuma. Na alipojaribu siku moja kujisemea tu, peke yake, mbele ya kioo cha bafuni, kwamba mimi ndiye niliyempiga, kioo kilifunikwa na ukungu ingawa maji yalikuwa ya baridi, na ndani ya ukungu ule kulikuwa na bega pana nyuma ya bega lake, na mkono mzito wenye harufu ya mafuta ya bunduki ukateremka kwenye mkono wake wa kulia kama mwalimu anayemwelekeza mwanafunzi, ukakishika kile kidole, ukakikunja, ukakishikilia vile vile mpaka alipolia na kusema basi, Emmett, basi.

Asubuhi kidole kilikuwa cha buluu.

Watu wa milima ile, wazao wa Wajerumani, wana waganga wao, Wakristo safi wenye Biblia za Kijerumani, wanaonong'onea majeraha ya moto, ng'ombe waliokauka maziwa, na bunduki zilizorogwa. Jimbo humtaka kinyozi awe na leseni. Mganga halimuulizi, kwa kuwa kumpa leseni ni kukiri kwamba yupo. Naomi Brubaker, bibi wa miaka themanini na zaidi, alimpokea Verna jikoni huku akimenya tufaha.

"Bunduki yangu imerogwa," alisema Verna.

Naomi alinusa mtutu. "Ingekuwa imerogwa ningekuambia uilaze kijitoni, maji yapite ndani yake mpaka kuche. Lakini bunduki haina kosa, mwanangu. Lete mkono." Alikigusa kidole, akakiachia upesi. "Nani kakishika hiki?"

Verna akaeleza yote. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumweleza binadamu. Mlango wa stoo ulitikisika muda wote alipokuwa akisema, na Naomi aliukemea kwa Kijerumani bila kuacha kumenya.

"Anaogopa," alisema mganga, akishusha sauti. "Mumeo mwenyewe kalala. Hiki ni kile kipande chake kilichoshiba sifa, hakitaki kulala njaa. Kinakuonea wivu. Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe unamwonea wivu marehemu. Usinitazame hivyo. Mmekabana koo wawili, na mmoja keshakufa, hajui namna ya kuachia. Itabidi uachie wewe."

"Niachie nini?"

"Mnyama. Nenda kambini mkesha wa msimu. Simama chini ya zile pembe, mbele ya wote, useme kwa kinywa chako: Emmett alimpiga. Useme umempa. Ataondoka kabla hujakaa, na mkono utapona."

Verna alitazama maganda ya tufaha mezani. "Na nikisema ukweli?"

"Hicho kidole kitakufa. Hutapiga tena shabaha maishani mwako. Na yeye hataondoka, wala usije kwangu tena, sitakuwa na la kufanya." Naomi akaweka kisu chini. "Wewe ni mpigaji mzuri sana, eti?"

"Kuliko wote," alisema Verna. Hakusema kwa majivuno. Alisema kama mtu anayetaja kipimo cha kiatu chake.

"Basi unajua utakachopoteza."

Mkesha wa msimu ulipofika kambi ilijaa moshi, bia, maharage ya pilipili na mayai ya siki. Kila mtu alikuwa bingwa. Mmoja aliwahi kupiga bata wawili kwa risasi moja. Mwingine aliweza kutaja aina ya bunduki kwa kusikia mlio wake kupitia ukuta. Lyle alikuwa anawaeleza vijana kwamba darubini ni ya watu wasio na macho, huku akitafuta miwani yake. Kisha akagonga glasi.

"Jamani, tulieni! Kaka hayupo, lakini hadithi ipo. Mwaka huu mjane wake atatusimulia. Shemeji, inuka!"

Verna aliinuka. Mkono wa kulia aliuficha mfukoni. Hakuhitaji kugeuka kujua kwamba nyuma yake, kati ya kiti chake na ukuta, mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya mtu kusimama, mtu alikuwa amesimama. Alisikia shati la sufi likikwaruza mbao, akasikia harufu ile tamu iliyooza ikishuka juu ya meza mpaka Denny akasukuma sahani yake bila kujua kwa nini, akaona macho ya kioo ya yule dume pale juu yakiwa na unyevu ambao macho ya kioo hayana, na moto ndani ya jiko la chuma ukajikunyata, ukawa mwekundu, ukawa mweusi, na wanaume wote wakafunga vifungo vya makoti yao wakicheka kwamba Lyle amebania kuni tena, na katikati ya kicheko hicho kile kitu kikakohoa mara mbili, kwa furaha, karibu kwa upendo, kama mume anayengoja kutajwa.

Maneno mawili tu, na mkono wake ungekuwa wake tena. Aliwaza asubuhi za barafu zilizobaki maishani, bunduki begani, pumzi ikishuka. Aliwaza pia uzi ule ukikazwa sikioni mwa mnyama aliyekuwa bado ana joto.

"Nilimpiga mimi," alisema Verna.

Lyle akashusha glasi.

"Emmett alishamaliza risasi zake, kabakiza moja. Nikachukua bunduki, nikampiga. Alikuwa karibu tu, ng'ambo ya kijito. Ni kulungu wangu."

Kambi nzima ikalipuka kwa kicheko. Walipiga meza. Lyle alifuta machozi.

"Kaka angeipenda hiyo! Shemeji, wewe ni noma!"

"Bila leseni?" alifoka Denny, naye akicheka. "Ningekutoza faini mpaka wajukuu!"

"Huyu aliyekosa karatasi mara tatu?" akapaza sauti mtu kutoka nyuma. "Mpeni bia!"

Ndani ya mfuko, vidole vyenye nguvu vilikibana kidole chake, vikakizungusha kama kitasa, na baridi ikapasuka hadi kwenye kiwiko. Hakulia. Sikioni mwake, chini ya vicheko vyote, ilianza sauti ambayo hakuwahi kuisikia katika ndoa nzima, sauti ya Emmett akisaga meno kwa hasira ya mtu aliyeibiwa mbele za watu. Na hapo, maumivu yakiwa yamemtia jasho na giza limemzingira machoni, Verna alitambua jambo lililomfanya akae chini polepole na kupokea bia aliyopewa. Wanaume wote mle ndani walidhani anatania. Mmoja tu alijua kwamba hadanganyi. Mmoja tu, katika dunia nzima, aliyekuwepo bondeni siku ile na kuona.

Kulipopambazuka milio ya kwanza ilisikika mlimani. Verna hakuwa mlimani. Alikuwa uani mwa kambi, mkono wa kulia umefungwa skafu, akiwa amepakia mizigo yake kwa mkono wa kushoto. Lyle alimwona kutoka barazani.

"Unaondoka, shemeji? Na ndiyo kwanza msimu unafunguliwa!"

"Nimeshapiga wangu."

Alizunguka pikapu, akafungua mlango wa upande wa abiria, akasimama pembeni. Lyle, kikombe mkononi, aliona shemeji yake akingoja katika baridi ile, ameshika mlango, hana haraka, kama mtu anayemngojea mzee mwenye magoti mabovu.

"Panda basi," alisema Verna. "Utanisimulia njiani jinsi nilivyompiga."

Springi za pikapu zilibonyea upande mmoja. Verna akaufunga mlango taratibu, asimbane mtu.