Mzinga Usio na Nyuki

"Kiota kwa Mwewe. Jicho limezibwa tena."

Luciana alishaanza kukimbia. Simu ya setilaiti ya Thuraya ilikuwa sikioni, bastola ya Glock 19 ikimgonga nyonga, na miiba ya ule mlima wa mawe nje ya Singida mjini ilishaifanya suruali yake matambara.

"Mwewe hapa, nakupata. Upande gani?"

"Kusini kote, kuelekea Ikungi. Skrini haina kitu. Na kuna ndege ya abiria kutoka Mwanza, imo ndani ya wingu zito. Ile Cessna ya magendo nayo imo humo humo."

Mkuu wake hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Leo ilipanda.

Rada ya kilele kile, Jicho lao, ilikuwa na upofu wa ajabu. Mafundi walibadilisha vipuri, wakalaumu radi, wakalaumu hata popo. Idara ya Luciana ndiyo iliyonusa kwamba upofu ulikuja siku zile tu ambazo Cessna moja isiyo na namba ilitua Ikungi, kwenye uwanja uliotelekezwa, kubeba dhahabu ya magendo. Juma lililopita Cessna hiyo na ndege ya abiria zilinusurika kugongana. Abiria waliendelea kutafuna karanga zao, hawajui lolote.

Kifaa cha kunasa mawimbi kililia mkononi mwake. Akakata kushoto, mlio ukafifia. Akarudi kulia.

Kikapiga kelele.

Mbele yake palikuwa na migunga iliyotundikwa mizinga ya nyuki. Hapo Luciana alielewa kwa nini mafundi hawakuona kitu. Singida mtu anaweza kukuibia kuku na mkayamaliza kwa maneno, lakini mzinga wa mwenzako hauguswi. Hata polisi huuzunguka.

Mizinga yote ilivuma. Mmoja ulikuwa kimya. Bonde zima limechanua alizeti, na mzinga ule hauna hata nyuki mmoja wa kusingiziwa!

Alipanda, akang'oa kifuniko kwa kisu. Ndani kulikuwa na kisanduku cheusi cha kuvuruga mawimbi, antena iliyoelekezwa kwenye rada, na betri ya pikipiki. Akazivuta nyaya zote kwa mkupuo.

"Kiota, nimeng'oa."

 Luciana alitazama juu, kwenye wingu.

"Jicho limefunguka! Tunaziona zote mbili. Zinatazamana, Mwewe! Mwongozaji anaigeuza ya abiria... anaigeuza..."

Ndani ya wingu ngurumo ya injini ilipita, ikaenda, ikaendelea kwenda.

"Zimepishana. Watu wote wako salama."

Luciana aliegemea mzinga apate pumzi. Kiganja chake kikagusa alama ya kuchomwa moto kwenye gogo la mzinga. Akatazama.

Pembetatu yenye mkia.

 Ilikuwa alama ya marehemu baba yake, na tangu azikwe ilichomwa na mkono mmoja tu. Antipasi, kaka yake. Antipasi aliyeacha shule ili arine asali, na asali hiyo ndiyo iliyomsomesha Luciana mpaka chuo kikuu.

Kisu bado kilikuwa mkononi. Kuikwangua alama ile kusingechukua muda, na hakuna aliyekuwa akimwona. Alikiweka kisu juu ya pembetatu, akakishikilia hapo bila kukwangua.

Pikipiki ilizimwa chini ya mlima.

Luciana alishuka, akajibanza nyuma ya jiwe. Antipasi alikuja na mfuko wa kubebea betri, akipiga mluzi. Mluzi ule ulimuumiza kuliko alama.

"Kaka."

Mfuko ulianguka. "Luciana? Wewe si uko Dodoma, ofisini?"

"Ofisi yangu ndiyo hii. Kwa nini, kaka?"

Antipasi aliitazama bastola, akamtazama mdogo wake. "Walikuja wageni na gari zuri. Wakasema ni kuziba macho ya serikali kidogo tu, mzigo upite. Hakuna atakayeumia."

"Ndege iliyojaa watu ilikuwa humo kwenye wingu. Mngewaua wote."

"Watu?" Antipasi alikaa chini, palepale kwenye mawe. "Mimi sikuambiwa habari ya watu."

"Na alama ya baba umeiweka ya nini?"

Kaka yake alimshangaa kwa dhati. "Sasa ningetundikaje mzinga bila alama? Si ningeitwa mwizi?"

Luciana alicheka. Mtu aliyekubali kulipofusha anga la nchi alikataa kudhaniwa mwizi wa nyuki! Alimpenda sana wakati ule, na kumpenda hakukumsaidia kitu.

"Niache nipite, mdogo wangu. Hujaniona. Mama hataliweza hili."

"Nikikuacha, juma lijalo watakuja na kisanduku kingine, kaka. Geuka."

Antipasi aligeuka bila ubishi. Ulikuwa mgongo uleule uliokuwa ukimvusha Luciana mtoni wakati wa masika, akienda shule. Luciana alimfunga pingu akilia, wala hakujificha.

Thuraya ikaita. "Cessna imetua, tumeizingira. Rubani na wageni wawili tunao. Wewe una nini?"

"Aliyetega."

"Jina?"

"Antipasi." Akamtazama kaka yake. "Ubini, andika wangu."

 Kwa mara ya kwanza hewani, Mkuu aliliacha jina la siri. "Pole, Luciana."

Aliwakabidhi askari kaka yake, akaendesha Land Cruiser mwenyewe hadi kwao Mandewa. Habari ilishamtangulia kwa bodaboda. Mama yake alikuwa uani akipepeta uwele.

Luciana alipiga goti. "Shikamoo, mama."

Ungo ulisimama. Mama alimtazama usoni, akaitazama bastola, akarudi kupepeta.

"Shikamoo, mama."

Tangu ajue kusema, hakuwahi kumwamkia mama yake akakosa marahaba. Alingoja. Makapi yaliruka na upepo, yakamtua kwenye nywele. Mama aliinuka, akaingia ndani na ungo wake, akaufunga mlango taratibu.

Luciana alijikung'uta magoti, akavaa miwani ya jua, akalirudia gari kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Majirani walisema yule binti ana roho ngumu.

Alipandisha kwanza vioo vyeusi, ndipo akalia.